Kunyoosha Mkondo kwa Kiswahili: Somo la Usanifu wa Kinyooshi Kinachosahihisha Uwiano wa Nguvu

Utangulizi

Swali la iwapo Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi na teknolojia limeulizwa mara nyingi katika majarida ya Kiswahili, na aghalabu limejibiwa kwa hoja za jumla. Anayekubali hutaja historia ya lugha na wingi wa wasemaji wake. Anayekataa hutaja uhaba wa istilahi. Pande zote mbili hukaa mbali na somo lenyewe. Makala hii inanuia kufuata njia nyingine. Tumechagua mada moja ya uhandisi wa umeme, yaani usanifu wa kifaa kinachogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu pasi na kuharibu mtandao wa umeme, na tutaifundisha kwa Kiswahili hadi kwenye hesabu zake. Kila tutakapokwama tutasimama na kuchunguza kilichotukwamisha.

Mada hii tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ina uzito maishani. Inahusu ankara za umeme za viwanda, nyaya zinazoungua ndani ya dari za majengo, na vifaa vinavyopatikana karibu katika kila ofisi. Fundi anayefunga nyaya hizo huenda alisomea kazi yake kwa Kiingereza, lakini akiwa juu ya ngazi huzungumza na msaidizi wake kwa Kiswahili, na maelekezo yakikosewa hapo, gharama yake si alama za mtihani. Pili, mada hii ina mtego ambao wanaistilahi hawajaushughulikia vya kutosha. Tulitarajia kwamba maneno magumu yangekuwa yale ya kigeni kama diodi na kapasita. Tulipoanza kuandika tuligundua kwamba hayo ndiyo mepesi zaidi. Yaliyotusumbua ni maneno ya kila siku: nguvu, dhahiri, kurekebisha, na zaidi ya yote, kufunga.

Kigezo tutakachokirejelea ni PEGITOSCA, kilichoasisiwa na Kiingi, ambacho kinajulikana vyema kwa wanafunzi wa istilahi katika vyuo vyetu. Miongoni mwa kanuni zake ni usahihi, iktisadi, uzalishi, umataifa, uangavu, ulinganifu na ukubalifu. Hatutazipitia zote moja baada ya nyingine kama ifanywavyo katika tasnifu. Tutaziita pale tu zinapohitajika.

Nguvu, kani na nishati

Katika mazungumzo ya kawaida neno nguvu hubeba mzigo mkubwa. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, serikali hutumia nguvu, umeme una nguvu. Fizikia haiwezi kuishi na neno moja la namna hiyo, na wanaistilahi waliotangulia walilitambua hilo mapema. Kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na Kamusi Awali ya Sayansi na Tekinolojia ya mwaka 1995, zilikuwa sehemu ya juhudi za kuitenganisha mitaa hiyo ya maana. Katika makala hii, kani ni kile kinachosukuma au kuvuta, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, nayo nguvu ni kasi ya kutumika kwa nishati, inayopimwa kwa wati. Balbu ya wati 60 ikiwaka kwa saa moja imetumia nishati ya wati-saa 60. Nguvu yake haikuongezeka kwa kukaa muda mrefu, ila nishati iliyotumika ndiyo iliyoongezeka.

Hapo panazuka mtego wa kwanza kwa mfasiri asiye makini. Katika hisabati ya shule, kipeo ndilo neno la kuonyesha namba imezidishwa kwa yenyewe mara ngapi, na Kiingereza hutumia neno lilelile kwa kipeo na kwa nguvu ya wati. Anayetafsiri kwa kamusi mkononi anaweza kuandika "kipeo cha umeme" na asishtuke. Msomaji wake atashtuka.

Uwiano wa nguvu

Umeme unaofika majumbani nchini Kenya ni wa mkondo geu wa volti 240, wenye masafa ya hezi 50. Maana yake ni kwamba volteji hupanda, hushuka, hupinduka na kurudi mara 50 katika kila sekunde, ikifuata umbo laini la wimbi la saini. Volti 240 ni thamani ya wastani wa aina maalumu, maana kilele cha wimbi hilo hufika takriban volti 339.

Iwapo mzigo ni pasi au birika, mkondo hufuata volteji kwa uaminifu. Volteji ikipanda nao unapanda, ikifika sifuri nao unafika sifuri. Katika hali hiyo, ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Mzigo ukiwa mota, mambo hubadilika. Koili za mota hukopa nishati kwa ajili ya uga-sumaku wake, kisha huirudisha kwenye mtandao mara mbili katika kila mzunguko. Mkondo wa kukopa na kurudisha haufanyi kazi yoyote ya kuzungusha mota, lakini unapita katika nyaya na kuzipasha joto kama mkondo mwingine wowote. Ndiyo sababu zao la volti na ampea huwa kubwa kuliko wati zinazotumika.

Mchukuzi anayevuta mkokoteni kwa kamba akiwa amesimama pembeni mwa barabara atatusaidia kulielewa hili. Sehemu ya jasho lake husogeza mzigo mbele, na sehemu nyingine huvuta gurudumu kuelekea mtaroni. Kadiri pembe ya kamba inavyopanuka, ndivyo jasho linavyopotea. Wahandisi huipima hasara hiyo kwa kosaini ya pembe iliyo kati ya volteji na mkondo.

Tunahitaji sasa majina matatu. La kwanza ni nguvu inayofanya kazi kweli, ambayo tunaiita nguvu halisi. La pili ni ile inayokopwa na kurudishwa, ambayo tunapendekeza iitwe nguvu rejea, kwa mfano wa mkondo geu. La tatu ni zao la volti na ampea, linalopimwa kwa volti-ampea. Hapa wengi wataandika "nguvu dhahiri", nasi tunaupinga uteuzi huo. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo lililo dhahiri ni jambo la kweli lisilo na shaka, ilhali dhana inayotajwa ni nguvu inayoonekana kuwapo na kumbe sehemu yake haipo. Ni kweli kwamba wanazuoni wa dini hutofautisha zahiri na batini, na katika matumizi hayo zahiri ni sura ya nje tu. Lakini mwanafunzi wa ufundi hatakwenda kuitafuta maana huko. Tunachagua nguvu ya kuonekana, ingawa kanuni ya iktisadi inaumia kidogo.

Nguvu halisi ikigawanywa kwa nguvu ya kuonekana, tunapata namba kati ya 0 na 1. Mafundi wengi huiita "pawa fakta", na wanaelewana. Kwa Kiswahili tumependekezewa mara kwa mara "kipengele cha nguvu", neno ambalo lina kasoro kwa kuwa kipengele ni sehemu ya kitu, nayo namba hii si sehemu ya nguvu. Kigawo lingefaa zaidi, hasa kwa waliosoma hesabu kwa Kiswahili nchini Tanzania na kukutana na Kigawo Kikubwa cha Shirika, lakini maana yake huko ni namba inayogawanya nyingine bila baki. Uwiano wa nguvu ndilo jina linaloeleza kinachofanyika: tumelinganisha nguvu mbili. Tutalitumia hilo.

Uwiano huu una bei. Katika ratiba za bei za umeme nchini Kenya, wateja wakubwa wa biashara na viwanda hulipia kilele cha mahitaji yao kwa kilovolti-ampea, na uwiano unaposhuka chini ya 0.9 hutozwa ada ya ziada ya asilimia 2 kwa kila asilimia 1 ya upungufu. Kiwanda chenye mzigo wa kilowati 90 na uwiano wa 0.75 huhitaji kilovolti-ampea 120. Kikiufikisha uwiano huo 0.95, mahitaji yanashuka hadi takriban kilovolti-ampea 95, na mashine ni zilezile. Mita ya nyumbani haihesabu tofauti hii, kwa hiyo mwenye nyumba haioni katika malipo yake. Nyaya na transfoma za mtaani huiona.

Kwa mota, dawa ni kapasita zinazowekwa karibu na mashine. Kapasita hukopa wakati koili inarudisha, na hurudisha wakati koili inakopa, basi mkopo huo huzunguka baina ya majirani wawili bila kusafiri hadi kituo cha umeme. Lau tatizo lingeishia hapo, makala hii ingeishia hapa pia.

Kinyooshi cha kawaida na kasoro yake

Kompyuta, televisheni, chaja na taa za kisasa hazitumii mkondo geu moja kwa moja. Ndani yake mna kifaa kinachougeuza kuwa mkondo mnyoofu. Mafundi hukiita rektifaya. Baadhi ya waandishi wamejaribu kirekebishi, nasi tunaliona neno hilo kuwa na hatari: kurekebisha ni kutengeneza kilichoharibika, na tena ni kuweka kitu katika kiwango, na katika mada hii hasa tunahitaji kitenzi cha namna hiyo kwa uwiano wenyewe. Tungejikuta tukisema "kirekebishi cha kurekebisha". Kwa kuwa mkondo unaotoka ni mnyoofu, kinachoufanya uwe hivyo ni kinyooshi. Neno hili lina uangavu, na linazalisha: kunyoosha, unyooshaji, mkondo ulionyooshwa.

Kinyooshi rahisi ni daraja la diodi nne likifuatwa na kapasita kubwa. Diodi huruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, hivyo nusu hasi ya wimbi hupinduliwa ikawa chanya. Kapasita nayo hujaa hadi karibu na kilele na kulisha mzigo wakati wimbi linaposhuka. Kasoro imejificha katika uzuri huo. Diodi haiwezi kupitisha mkondo ila volteji ya mtandao iwe imeizidi ile ya kapasita, na hilo hutokea kwa muda mfupi tu karibu na kilele. Kwa sehemu kubwa ya mzunguko, kifaa hakichukui chochote. Kisha ghafla kinanyakua chote kwa pigo moja kali.

Msomaji wa fasihi anaweza kuufikiria utenzi ambao mghani wake hunyamaza mizani sita za mwanzo, akatamka maneno yote ya mshororo katika mizani mbili, kisha akanyamaza tena. Maneno hayakupotea, lakini wanaomwitikia hawana la kushika.

Mkondo wa mapigo kama huo hauna tatizo la pembe. Kilele chake kiko karibu na kilele cha volteji, na kosaini ya pembe ni karibu 1. Hata hivyo, uwiano wa nguvu unaweza kuwa 0.6 tu. Hapa ndipo wanafunzi wengi, hata wa uhandisi, hupotea, kwa sababu wamefundishwa kwamba uwiano wa nguvu ndio kosaini yenyewe. Ukweli ni kwamba kosaini ni nusu ya habari. Wimbi lolote linalojirudia linaweza kuchambuliwa na kuonekana kuwa jumla ya mawimbi ya saini: la msingi lenye hezi 50, na mengine yenye masafa mara tatu, mara tano, mara saba na kuendelea. Hayo ya ziada huitwa harmoniki, jina tunaloliacha lilivyo kwa ajili ya kanuni ya umataifa. Nguvu halisi hubebwa na wimbi la msingi peke yake, almradi volteji ni saini safi, ilhali nyaya hupashwa joto na mawimbi yote. Kwa hiyo uwiano kamili wa nguvu ni kosaini ya pembe, ukizidisha kwa wimbi la msingi lililogawanywa kwa mkondo wote. Sehemu ya kwanza tunaiita uwiano wa pembe, na ya pili uwiano wa umbo. Kapasita za kiwandani hutibu ule wa kwanza. Kwa ule wa pili hazina msaada, na wakati mwingine huukuza ubaya wake.

Harmoniki ya tatu inastahili kutajwa kwa jina. Jengo kubwa hupokea umeme kwa nyaya tatu za fezi na waya mmoja wa nyutro. Kwa mizigo iliyosawazishwa, mikondo ya hezi 50 ya fezi tatu hufutana katika nyutro. Harmoniki za tatu hazifutani. Zote tatu hufika pamoja na kujumlishana. Kompyuta nyingi za aina hii zikiwekwa kwenye jengo moja, mkondo wa nyutro unaweza kufikia mara 1.73 ya ule wa fezi, kwenye waya ambao fundi wa zamani aliufanya mwembamba kwa kuwa "haubebi kitu". Aidha, kwa kawaida waya huo hauwekewi fyuzi.

Kwa sababu kama hizo, kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-3-2 huweka mipaka ya harmoniki kwa vifaa vinavyotumia hadi ampea 16 kwa fezi. Kwa kompyuta na televisheni za kati ya wati 75 na 600, harmoniki ya tatu isizidi miliampea 3.4 kwa kila wati, na ya tano isizidi miliampea 1.9. Kifaa cha wati 300 basi kina ruhusa ya ampea 1.02 na ampea 0.57 mtawalia. Kinyooshi cha kawaida hakipiti mtihani huo.

Kuwasha, kuzima, na tatizo la kufunga

Suluhisho linalotumika zaidi ni kuweka saketi ya kukweza volteji baina ya daraja la diodi na kapasita. Ina koili, swichi ya kielektroniki, na diodi moja zaidi. Swichi hiyo kwa kawaida ni mosfeti, aina ya transista inayoweza kuwashwa na kuzimwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde.

Tuliandika rasimu ya kwanza ya sehemu hii kwa kitenzi kufunga, na tukajikuta tumeandika upuuzi. Ukifunga mfereji, maji hukatika. Ukifunga redio, sauti hukatika. Ukifunga mlango, hakuna apitaye. Katika lugha ya saketi, kinyume chake ndicho sahihi: saketi iliyofungwa ni ile ambayo duara lake limekamilika, na mkondo unapita. Iliyo wazi haipitishi kitu. Mwanafunzi anayeambiwa "funga swichi" akiwa na mkono ndani ya kifaa ana maana mbili mbele yake, na moja kati ya hizo inaweza kumuua. Kamusi haiwezi kuutatua mgogoro huu kwa kuongeza kidahizo, kwa sababu maana zote mbili ni halali. Pendekezo letu ni kwamba katika ufundi wa umeme kitenzi kufunga kiepukwe kabisa kwa swichi, na badala yake tuseme kuwasha na kuzima, maneno ambayo kila mtoto anayajua. Kufunga kibaki kwa skrubu na kifuniko.

Tuendelee. Swichi ikiwashwa, koili inaunganishwa moja kwa moja na volteji ya daraja, mkondo wake unapanda, na nishati inawekwa katika uga-sumaku. Swichi ikizimwa, koili haikubali mkondo wake ukatike ghafla. Hupandisha volteji yake yenyewe hadi ikausukuma mkondo kupitia diodi na kuuingiza katika kapasita, hata kama kapasita ina volteji kubwa kuliko ile ya mtandao. Faida yake ndiyo hiyo. Kifaa hakihitaji tena kungoja kilele. Kinaweza kuchukua mkondo wakati wowote wa mzunguko, kwa kiasi chochote, mradi swichi iwashwe na kuzimwa kwa mgawo unaofaa wa muda.

Mgawo huo ni rahisi kuukokotoa: ni 1 ukiondoa volteji ya kuingia iliyogawanywa kwa ya kutoka. Tukichagua kutoka volti 400, basi wimbi likiwa kwenye kilele cha volti 339, swichi huwashwa kwa asilimia 15 ya muda. Wimbi likiwa volti 200, ni nusu kwa nusu. Wimbi likikaribia sifuri, swichi hukaa imewashwa karibu muda wote.

Hesabu za mfano

Tusanifu kifaa cha wati 300 kitakachofanya kazi volteji ya mtandao ikiwa kati ya volti 190 na 264. Kilele cha volti 264 ni takriban volti 373, kwa hiyo volti 400 za kutoka zinatosha, maana saketi ya kukweza haiwezi kutoa chini ya inachopokea. Swichi ifanye kazi kwa kilohezi 65, na ufanisi uwe asilimia 95.

Hali mbaya zaidi kwa mkondo ni volteji inapokuwa chini. Nguvu ya kuingia ni wati 316. Kwa volti 190, mkondo ni ampea 1.66, na kilele chake ni ampea 2.35. Juu ya mkondo huu kutakuwa na mchirizi mdogo wa kupanda na kushuka kila swichi inapowashwa na kuzimwa. Tukiruhusu mchirizi wa robo ya kilele, yaani ampea 0.59, koili inayohitajika ni ya takriban milihenri 2.3. Tanbihi muhimu: mchirizi huo hauwi mkubwa zaidi kwenye kilele cha wimbi kama wengi wanavyodhani. Ni wakati wimbi linapopita nusu ya volteji ya kutoka, yaani volti 200, na hapo hufika ampea 0.67.

Koili husukwa juu ya kiini cha feraiti chenye mwanya. Kiini hicho kina kikomo. Mkondo ukizidi, uga-sumaku hauongezeki tena, koili hupoteza tabia yake, na mkondo hupaa mara moja na kuiunguza mosfeti. Kwa hali hii Kiswahili kina neno ambalo hatuoni haja ya kulitafuta kwingine: kiini kimeshiba. Kwa mfano wetu kilele pamoja na nusu ya mchirizi ni ampea 2.65, basi kiini kisishibe kabla ya ampea 3.5 hivi.

Kapasita huamuliwa na mambo mawili. La kwanza ni kustahimili kukatika kwa umeme kwa muda wa mzunguko mmoja, yaani milisekunde 20, bila volteji kushuka chini ya volti 300. Hesabu inatoa mikrofaradi 171. Tukichukua ya mikrofaradi 220 iliyoidhinishwa kwa volti 450, hata ikipungukiwa kwa asilimia 20, itabaki na 176. La pili ni mawimbi ya hezi 100 yasiyoepukika kwenye volteji ya kutoka, kwa sababu nguvu inayoingia kutoka mtandao hupanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko, na mzigo unataka nguvu tulivu. Kwa mikrofaradi 220, mawimbi hayo ni kama volti 11 kutoka bonde hadi kilele.

Je, kazi yote hii inaleta nini? Kifaa cha wati 300 chenye uwiano wa 0.6 huchukua ampea 2.08 kutoka volti 240. Kikiwa na uwiano wa 0.99, hata baada ya kuhesabu upotevu wa saketi mpya, huchukua ampea 1.33. Joto la nyaya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo linashuka hadi takriban asilimia 41 ya lilivyokuwa.

Vitanzi viwili

Udhibiti ndio roho ya kifaa hiki, na una vitanzi viwili. Kitanzi cha ndani ni cha haraka. Hutazama umbo la volteji ya daraja na kuuongoza mkondo wa koili uige umbo hilo, kama waitikiaji wanavyomfuata mghani. Kitanzi cha nje ni cha polepole. Hutazama volteji ya kutoka na kuamua mkondo uwe mkubwa au mdogo kiasi gani. Maamuzi ya vitanzi hivyo hukutana katika kizidishi: umbo mara kiasi. Saketi-jumuishi ya UC3854 ya kampuni ya Unitrode, iliyonunuliwa baadaye na Texas Instruments, hufanya hivyo hasa, na hugawanya zao hilo kwa mraba wa volteji ya mtandao ili nguvu isiyumbe volteji inapopanda au kushuka.

Swali ambalo mwanafunzi makini huliuliza ni hili: kwa nini kitanzi cha nje kisiwe cha haraka pia? Jibu linatokana na zile volti 11 za hezi 100. Kitanzi cha haraka kingeziona, kingedhani ni kasoro, na kingejaribu kuzifuta kwa kubadilisha mkondo katikati ya wimbi. Kwa kufanya hivyo kingeharibu umbo la saini ambalo ndilo lengo lote la kifaa, na kuizaa upya harmoniki ya tatu. Kwa hiyo wasanifu hukifanya kitanzi hicho kisiweze kufuata mabadiliko ya zaidi ya hezi 20 hivi. Ni uzembe uliokusudiwa.

Kwa vifaa vidogo vya hadi wati 300 hivi, wengi huacha mkondo wa koili ufike sifuri kabla ya kuwasha swichi tena. Kwa vikubwa mkondo hauachwi ufike sifuri, na hapo diodi ya silikoni huleta taabu, kwani huchelewa kuzuia na kwa kitambo kidogo hupitisha mkondo kinyume. Diodi za silikoni kabidi zimeondoa taabu hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa bei ya juu zaidi.

Baada ya kuzima

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vingi huliweka mwishoni, pengine kwa sababu halihusu ufanisi. Kapasita ya mikrofaradi 220 yenye volti 400 ina nishati ya jouli 17.6, na haipotei plagi inapochomolewa. Kwa sababu hiyo huwekewa rezista ya kuimwaga. Tukitumia ya kiloomu 470, itapoteza wati 0.34 wakati wote kifaa kinapofanya kazi, na baada ya kuzima itachukua zaidi kidogo ya dakika tatu kuishusha volteji hadi volti 60. Rezista hiyo ikiwa imekatika, fundi hana namna ya kujua kwa macho, kwa hiyo apime kwa mita kabla ya kugusa. Maandishi yaliyo juu ya vifuniko vya vifaa hivi, katika maduka yetu, huwa ya Kiingereza au ya Kichina. Kwa Kiswahili tungeandika hivi: "Hatari. Chomoa plagi, ngoja dakika tano, kisha pima volteji kabla ya kugusa."